Miji Inayojengwa kwa Kanuni: Historia ya CityEngine

CityEngine ni programu ya kompyuta inayojenga miji ya pande tatu kwa kufuata kanuni. Mtumiaji hachori nyumba moja moja. Huandika maagizo mafupi: kiwanja cha aina hii kipandishiwe jengo la kimo fulani, jengo ligawanywe ghorofa, kila ghorofa igawanywe vipande vya ukuta na dirisha, paa liezekwe kwa mteremko huu. Kompyuta huyachukua maagizo hayo na kuyatekeleza kwenye viwanja elfu moja au laki moja, kila kimoja kwa vipimo vyake. Programu hii ilizaliwa Zürich, Uswisi, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2001. Iliingia sokoni mwaka 2008, na tangu 2011 imekuwa mali ya kampuni ya Marekani iitwayo Esri.

Historia yake ni ndefu kuliko umri wake. Wazo kwamba umbo la mji hutokana na kanuni zinazoweza kuandikwa lilikuwapo karne nyingi kabla ya kompyuta. Kazi kubwa ya watafiti wa Zürich ilikuwa kulipa wazo hilo lugha ambayo mashine inaielewa.

Kanuni kabla ya kompyuta

Wajenzi wa zamani walijenga kwa kanuni hata pale ambapo hawakuziandika. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alieleza mahekalu kwa kipimo kimoja, yaani unene wa nguzo. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ilihesabiwa kwa unene huo, na aina za mahekalu zikatofautishwa kwa hesabu hiyo. Nchini China, mwaka 1103, utawala wa nasaba ya Song ulitoa kitabu cha kanuni za ujenzi, Yingzao Fashi, kilichotungwa na Li Jie. Ndani yake mbao za ujenzi ziliwekwa katika madaraja 8 ya ukubwa. Daraja likishachaguliwa kulingana na hadhi ya jengo, vipimo vya sehemu nyingine vilifuata. Mwaka 1570 Andrea Palladio alichapisha mjini Venice vitabu vyake vinne vya usanifu, na ndani yake mkazo ukawa juu ya ulinganifu wa kushoto na kulia na uwiano maalumu wa urefu, upana na kimo cha vyumba.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki kanuni ilitoka msituni. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida haziruhusu upana wa chumba kupita mita 3 hivi. Mwenye nyumba aliyetaka nafasi zaidi alijengewa chumba kingine sambamba na cha kwanza. Urefu wa mti ndio uliopanga nyumba.

Kanuni za mji mzima zinaonekana waziwazi New York. Mpango wa mwaka 1811 uliikata sehemu kubwa ya kisiwa cha Manhattan kwa barabara kuu 12 na mitaa 155 inayozikata. Mwaka 1915 lilikamilika jengo la Equitable, lililopanda wima kutoka ukingo wa kiwanja na kuwafunika majirani kwa kivuli. Mwaka uliofuata jiji lilipitisha sheria iliyolazimisha kuta za majengo marefu kurudi nyuma kadiri zinavyopanda, kwa mwinamo uliotegemea upana wa barabara. Mnara uliokalia si zaidi ya robo ya kiwanja uliruhusiwa kwenda juu bila kikomo. Majengo yenye umbo la ngazi yaliyoipa New York sura yake katika miaka ya 1920 na 1930 yalitokana na sheria hiyo.

Mwaka 1922 mchoraji Hugh Ferriss, akishirikiana na msanifu Harvey Wiley Corbett, aliichora sheria ya 1916 kwa hatua nne. Katika hatua ya kwanza hakuna jengo. Kuna bonge kubwa tu, umbo la juu kabisa ambalo sheria inaruhusu juu ya kiwanja. Katika hatua zinazofuata bonge hilo linachongwa kidogo kidogo hadi linakuwa jengo linalojengeka. Ferriss alifanya kazi hiyo kwa mkono, lakini mwenendo wake ndio ambao CityEngine ingekuja kuufuata: sheria kwanza, umbo baadaye.

Sarufi za mimea na sarufi za maumbo

Msingi wa kihesabu ulitoka katika biolojia. Mwaka 1968 Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia mzaliwa wa Hungaria aliyekuja kufundisha Utrecht, Uholanzi, alitunga njia ya kueleza jinsi seli za viumbe sahili kama mwani zinavyogawanyika. Mfano wake maarufu una herufi mbili na kanuni mbili: kila A hugeuka kuwa AB, na kila B hugeuka kuwa A. Ukianza na A, hatua zinazofuata ni AB, ABA, ABAAB na ABAABABA, na idadi ya herufi inakwenda 1, 2, 3, 5, 8. Katika kila hatua herufi zote hubadilishwa kwa pamoja, kama seli za mmea zinavyokua kwa pamoja. Njia hiyo ikaitwa mfumo wa L, kwa herufi ya kwanza ya jina lake.

Watafiti wa michoro ya kompyuta walizifanya herufi hizo kuwa amri za kuchora: songa mbele, geuka, anzisha tawi, rudi ulikotoka. Kanuni chache zikatosha kuchora mti wenye matawi maelfu. Przemysław Prusinkiewicz, aliyefanya kazi Kanada, alikusanya matunda ya utafiti huo pamoja na Lindenmayer katika kitabu The Algorithmic Beauty of Plants cha mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya Lindenmayer kufariki.

Mkondo wa pili ulitoka kwa watu wa usanifu na sanaa. Mapema miaka ya 1970 George Stiny na James Gips walipendekeza sarufi za maumbo, ambazo kanuni zake hubadilisha umbo badala ya herufi: ukiona mraba, uugawe, ukiona pembetatu, uweke nyingine ndani yake. Mwaka 1978 Stiny na William Mitchell walichapisha sarufi ya majumba ya Palladio. Kwa kufuata kanuni zake mtu aliweza kupata ramani za majumba ambayo Palladio aliyasanifu, na nyingine ambazo hakuwahi kuzichora ingawa zinafanana na kazi yake. Mwaka 1981 Hank Koning na Julie Eizenberg walifanya hivyo kwa nyumba za Frank Lloyd Wright za mtindo wa mbuga. Sarufi hizi zilithibitisha kwamba mtindo wa usanifu unaweza kuandikwa. Ugumu wake ulikuwa kwenye utekelezaji: binadamu huona umbo ndani ya umbo kwa urahisi, kompyuta haioni. Kwa hiyo nyingi zilibaki za kufanyiwa kazi kwenye karatasi.

Mkondo wa tatu ulisukumwa na ufinyu wa kumbukumbu. Mwaka 1984 David Braben na Ian Bell walitoa Elite, mchezo wa safari za angani ulioandikwa kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Mchezo huo ulikuwa na galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja. Orodha ya sayari hizo haikuhifadhiwa popote. Majina, mahali na hali za kila sayari zilizalishwa upya kwa hesabu kila zilipohitajika, kuanzia namba chache za mwanzo. Namba zilezile zilitoa sayari zilezile, na kwa njia hiyo dunia kubwa ikaingia katika nafasi ndogo. Matumizi ya namba ya mwanzo yanaendelea hadi leo ndani ya CityEngine, na ndiyo yanayofanya jengo lililobahatishwa leo litokee vilevile kesho.

Zürich, 2001

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kompyuta ziliweza kuonyesha mandhari kubwa kuliko ambayo watu waliweza kuiunda. Jengo moja lenye madirisha, milango na vibaraza vyake lilichukua muda mrefu kwa msanii mwenye ujuzi. Jiji lenye makumi ya maelfu ya majengo lilikuwa nje ya uwezo wa karibu studio yoyote. Uhaba ulikuwa wa mikono, na jibu lake likawa kuikabidhi mashine sehemu ya kazi inayojirudia.

Mwaka 2001, katika mkutano wa michoro ya kompyuta wa SIGGRAPH uliofanyika Los Angeles, Yoav Parish na Pascal Müller kutoka Uswisi walieleza mfumo waliouita CityEngine. Mfumo ulianza na ramani za picha: mpaka wa nchi kavu na maji, miinuko ya ardhi, na msongamano wa watu. Kutokana na ramani hizo ulizalisha barabara, barabara zikakata vitalu, vitalu vikagawanywa viwanja, na kila kiwanja kikapata jengo.

Barabara zilikuzwa kwa mfumo wa L uliopanuliwa, kama matawi ya mti yanavyotoka kwenye shina. Watafiti walitenganisha malengo ya jumla na masharti ya mahali. Malengo ya jumla yalisema barabara kuu ziunganishe sehemu zenye watu wengi, na mitaa ifuate mpangilio uliochaguliwa: miraba kama New York, duara na miali kama Paris, au njia zinazofuata mteremko kama San Francisco. Masharti ya mahali yalirekebisha kila kipande kilichopendekezwa. Barabara iliyokaribia nyingine iliunganishwa nayo na kuwa njia panda. Iliyofika kwenye maji ilikatwa, ikageuzwa pembeni, au ikavushwa kwa daraja pale ambapo umbali uliruhusu.

Utengano huo ndio uliokuwa mchango mkubwa wa mwaka 2001. Mti hukua hewani na matawi yake hayalazimiki kukutana, lakini barabara zisipokutana hazina faida. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya mimea ulilazimika kufundishwa kuangalia ulichokwisha kukijenga.

Kutoka kukuza hadi kugawanya

Kwenye majengo mfumo wa 2001 ulikuwa dhaifu zaidi. Majengo yalikuwa mabonge yaliyounganishwa na kupunguzwa, na nyuso zake zilivikwa picha za madirisha. Kwa mbali yaliridhisha, kwa karibu ubapa wake ulionekana. Sababu ilikuwa ya msingi: jengo halikui kama mti. Kiwanja kina mipaka iliyokwishawekwa, na kazi ya msanifu ni kuigawa nafasi iliyomo ndani ya mipaka hiyo.

Mwaka 2003 Peter Wonka, Michael Wimmer, François Sillion na William Ribarsky walitoa jibu kwa sarufi ya kugawanya. Katika sarufi hii kanuni huchukua umbo sahili na kulikata vipande vinavyolijaza kikamilifu bila kuacha pengo. Uso wa jengo hukatwa ghorofa, ghorofa hukatwa vipande, kipande hukatwa ukuta, fremu na kioo. Kompyuta haikuhitaji tena kutafuta umbo ndani ya umbo, kwa kuwa kila kipande kilizaliwa na jina lake. Kikwazo kilichozifungia sarufi za Stiny kwenye karatasi kikawa kimezungukwa.

Mikondo yote ilikutana mwaka 2006. Müller, Wonka, Simon Haegler, Andreas Ulmer na Luc Van Gool waliwasilisha Boston lugha waliyoiita CGA. Ndiyo lugha ambayo watumiaji wa CityEngine wanaiandika hadi leo, na utendaji wake unaonekana kwa mfano mdogo.

Chukua kiwanja chenye upana wa mita 12 mbele. Kanuni ya kwanza inasema kiwanja kipandishwe hadi kimo cha mita 13. Ya pili inalitenga bonge hilo katika nyuso zake: uso wa mbele, za ubavuni na paa. Ya tatu inaukata uso wa mbele kwa wima: mita 4 za chini ziwe duka, na zinazobaki zirudiwe kwa ghorofa za takriban mita 3. Zimebaki mita 9, hivyo zinapatikana ghorofa 3. Ya nne inaikata kila ghorofa kwa upana katika vipande vya takriban mita 2.5. Mita 12 hazigawanyiki sawasawa kwa 2.5, kwa hiyo kompyuta inaweka vipande 5 vya mita 2.4. Ya tano inaweka dirisha katikati ya kila kipande. Kanuni hizohizo zikiwekwa kwenye kiwanja cha mita 15 zinatoa vipande 6 vya mita 2.5, bila mtu kubadilisha chochote.

Nguvu ya lugha imo katika ruhusa ya kukadiria. Vipimo vingine ni vya lazima, kama mlango, na vingine vinaweza kuvutwa au kubanwa. Kanuni pia inaweza kuwa na sharti, kwamba kiwanja kikiwa kidogo kisipandishwe zaidi ya ghorofa mbili, au kuwa na bahati nasibu, kwamba nyumba 30 katika kila 100 ziwe na paa la mgongo na zilizobaki ziwe na paa bapa. Tena kanuni inaweza kuuliza kilichopo jirani: dirisha linaloangukia kwenye ukuta wa nyumba nyingine lisiwekwe. Maswali hayo ya ujirani yaliondoa makosa mengi yaliyofanya miji ya awali ionekane ya bandia.

Pompeii na Roma

Jaribio kubwa la lugha mpya lilikuwa Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Uchimbaji ulioanza mwaka 1748 umefichua misingi ya nyumba, kuta za chini na mitaa. Ghorofa za juu na mapaa kwa sehemu kubwa vilipotea. Hapo ndipo kanuni zinapofaa: kinachojulikana huingizwa kama ramani, na kilichopotea hujazwa kwa kanuni zilizotokana na elimu ya wanaakiolojia kuhusu nyumba za Kirumi. Mwaka huohuo wa 2006 Müller na wenzake walitumia njia hiyo kwa majengo ya Wamaya ya mtindo wa Puuc huko Xkipché, katika rasi ya Yucatán, Meksiko.

Kazi iliyofuata ilikuwa Roma yenyewe. Mradi wa Rome Reborn, ulioongozwa na Bernard Frischer, ulilenga kuujenga upya mji wa Roma jinsi ulivyokuwa mwaka 320, zama za mfalme Konstantino, ukiwa na majengo yapatayo 7,000. Toleo la kwanza, la mwaka 2007, lilitegemea kwa sehemu kubwa Plastico, mfano mkubwa wa plasta wa uwiano wa 1 kwa 250 uliosimamiwa na Italo Gismondi kuanzia miaka ya 1930, ambao mradi uliupima kwa leza.

Mradi uliyagawa majengo katika makundi mawili. La kwanza lilikuwa la majengo machache ambayo mahali na umbo lake vinafahamika vizuri, kama Colosseum, na haya yaliundwa moja moja kwa mkono. La pili, lenye majengo karibu yote, lilikuwa la nyumba za kupanga, makazi ya matajiri, maduka na maghala, ambayo idadi yake kwa kila wilaya inatajwa katika orodha za karne ya 4 lakini sura ya kila moja haijulikani. Katika toleo la pili, lililoonyeshwa mwaka 2008, majengo ya kundi hilo yaliyotoka kwenye mfano wa plasta yalibadilishwa na mengine yaliyozalishwa kwa CityEngine. Faida ilikuwa ya kitaaluma pia. Mtaalamu asiyekubaliana na kimo cha nyumba za kupanga angeweza kubadilisha namba moja katika kanuni na kuuona mji mzima ukijipanga upya. Plasta haikubali marekebisho kama hayo.

Sokoni, sinema na michezo

Mwaka 2007 Müller na wenzake walianzisha Zürich kampuni ya Procedural, iliyotoka ndani ya chuo kikuu cha ETH. Toleo la kwanza la biashara la CityEngine lilitoka mwaka 2008. Wateja wa mwanzo walikuwa wasanifu, waunda michezo na studio za filamu.

Müller na wenzake hawakuwa peke yao katika kazi hii. Kwa filamu ya King Kong ya mwaka 2005, studio ya Weta Digital ya New Zealand ilitengeneza programu yake, CityBot, ili kuijenga upya New York ya miaka ya 1930. Kwa filamu ya Big Hero 6 ya mwaka 2014, studio ya Disney ilichukua takwimu halisi za viwanja vya San Francisco na kuzalisha juu yake mji wa kubuni wenye majengo yapatayo 83,000. Programu ya Houdini ya kampuni ya SideFX ya Toronto, inayotoa nafasi ya kuandika kanuni za kila aina na si za majengo tu, imeshika nafasi kubwa katika sinema na michezo. Ndiyo iliyotumika kuzalisha mji wa The Matrix Awakens, onyesho lililotolewa na Epic Games mwezi Desemba 2021, lenye majengo yapatayo 7,000.

Njia ya CityEngine ilielekea kwingine mwezi Julai 2011, iliponunuliwa na Esri. Kampuni hiyo ya Redlands, California, ilianzishwa na Jack na Laura Dangermond mwaka 1969, na mifumo yake ya taarifa za kijiografia inatumiwa na serikali na halmashauri duniani kote. Esri haikuwa ikitafuta miji ya kubuni. Wateja wake walikuwa na ramani za miji halisi, zenye mipaka ya viwanja, matumizi ya ardhi na vimo vinavyoruhusiwa, lakini ramani hizo zilikuwa bapa. Lugha ya CGA iliweza kuzisoma taarifa hizo na kuzisimamisha. Timu ya Zürich ilibaki palepale ikawa kituo cha utafiti cha Esri.

Kuanzia hapo programu ikawa chombo cha mipango miji. Jiji la Honolulu, Hawaii, liliitumia kuonyesha majengo yanayoweza kujengwa kuzunguka vituo vya reli yake mpya. Mwaka 2019 Esri ilitoa ArcGIS Urban, inayowawezesha maofisa wa mipango kubadilisha sharti la ujenzi na kuona papo hapo athari yake kwa vimo, vivuli na idadi ya makazi. Walichokifanya Ferriss na Corbett kwa sheria moja mwaka 1922 kikawa kazi ya kawaida ya ofisi.

Mipaka ya njia hii

Mpaka wa kwanza ni taarifa. Kanuni haijui kiwanja kisichochorwa. Kwa miji mingi ya Afrika ramani za viwanja na majengo zilikosekana au zilipitwa na wakati, na pengo hilo limeanza kuzibwa kwa juhudi za wenyeji. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaa inayokumbwa na mafuriko na kuiweka kwenye ramani huru ya OpenStreetMap. Kuanzia 2016 Zanzibar ilipigwa picha kwa droni, wanafunzi wa chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar wakishiriki katika kazi hiyo. CityEngine husoma ramani za OpenStreetMap, kwa hiyo mistari ya majengo iliyochorwa kwa ajili ya mafuriko inaweza pia kusimamishwa kuwa mitaa ya pande tatu.

Mpaka wa pili ni kanuni zenyewe. Miji iliyotumika kama mifano mwaka 2001 ilikuwa ya Ulaya na Marekani, na mingi ya dunia ilibaki nje. Mwaka 2006 Kevin Glass, Chantelle Morkel na Shaun Bangay wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, walionyesha kwamba makazi yasiyopimwa yalikuwa yamesahauliwa katika utafiti huu. Kwa kuchunguza picha za angani za Johannesburg na Cape Town, waligundua kwamba njia za makazi hayo nazo zina mpangilio unaoweza kuandikwa. Makazi yaliyoota bila mpango yaliigwa vizuri zaidi kwa michoro ya Voronoi, inayogawa ardhi kulingana na ukaribu wa vituo, pamoja na kugawanya viwanja. Makazi yenye mpango kiasi yalihitaji kuongezewa mfumo wa L. Utafiti huo ulisahihisha dhana kwamba makazi ya watu maskini ni vurugu tupu.

Mpaka wa tatu ni ukweli. Programu inayojaza pengo kwa kanuni hutoa picha iliyokamilika hata pale ambapo ushahidi ni mdogo, na mtazamaji hawezi kutofautisha ukuta uliochimbuliwa na ukuta uliokisiwa. Wataalamu wa urithi wa kale waliliona tatizo hili mapema. Tamko la London, lililoanza kuandaliwa mwaka 2006, linataka kila mfano wa kompyuta wa mahali pa kale uambatane na maelezo ya ushahidi uliotumika na makisio yaliyofanywa. Tahadhari hiyo inafaa kwa mipango miji pia, maana picha safi ya mtaa ambao haujajengwa huwashawishi wananchi kuliko jedwali la takwimu.

Mpaka wa nne ni ugumu wa kuandika. Mwandishi mzuri wa kanuni anahitaji mantiki ya programu pamoja na jicho la msanifu, na watu wa aina hiyo ni wachache. Kwa sababu hiyo utafiti uligeukia kuipa kompyuta kazi ya kugundua kanuni. Mwaka 2007 Müller, Gang Zeng, Wonka na Van Gool walionyesha namna ya kupata kanuni za uso wa jengo kutokana na picha yake moja, kwa kutafuta ghorofa na madirisha yanayojirudia. Mwaka 2012 Carlos Vanegas, Daniel Aliaga na wenzao walielekeza juhudi kwenye mji mzima: mpangaji anataja matokeo anayoyataka, kama mwanga wa jua au umbali wa bustani, na kompyuta inatafuta vipimo vya kanuni vitakavyoyafikia. Siku hizi mitandao ya neva inazalisha picha za miji bila kanuni yoyote iliyoandikwa. Picha hizo huvutia, lakini haziwezi kuulizwa kwa nini ukuta uko pale ulipo. Kanuni iliyoandikwa inaweza kusomwa, kupingwa na kurekebishwa, na kwa kazi zinazogusa ardhi na makazi ya watu sifa hiyo ni kubwa kuliko uzuri wa picha.

Historia ya CityEngine inathibitisha kwamba kila mji una mantiki yake, na kwamba mantiki hiyo huonekana vizuri zaidi inapoandikwa wazi kiasi cha kutekelezwa na mashine. Programu yenyewe haijui usanifu wowote. Inajua tu kile ambacho mtu aliyeuelewa mji fulani amekiandika. Miji ambayo kanuni zake hazijaandikwa itaendelea kuonyeshwa kwa kanuni za kwingine, na wanaoweza kulirekebisha hilo ni wasanifu, wapima ardhi na wanahistoria wanaoifahamu.